Lambo litashika maji kiasi gani? Kupima ujazo kwa data za mwinuko katika QGIS

Swali: Kijiji chetu katika Wilaya ya Chamwino, Dodoma, kinaandaa andiko la kuomba fedha za lambo la mifugo. Nimepakua data za mwinuko za SRTM (vimo vya ardhi vilivyopimwa kwa rada kutoka anga za juu), nikazifungua kwenye programu ya ramani ya QGIS, nikachora eneo la lambo na kuweka usawa wa maji mita 1,104. Mara ya kwanza programu ilinipa ujazo wa −0.0000041. Nikaambiwa nibadili mfumo wa koordineti; nikabadili, nikapata zaidi ya milioni 82. Nikarudia tena, nikapata −50,200. Ipi ndiyo sahihi, na niandike ipi kwenye andiko?

Jibu: Ndugu, namba yako ya kwanza na ya tatu ni namba moja iliyovaa nguo tofauti. Ya pili ndiyo iliyopotea njia. Lakini kabla hujaichukua hiyo 50,200 ukaiandika, soma hadi mwisho, kwa sababu kosa kubwa zaidi haliko kwenye programu. Liko kwenye data yenyewe.

Tuanze na jinsi programu inavyohesabu. Rasta ya mwinuko ni gridi ya viboksi, na kila kiboksi, yaani pikseli, kina namba moja: kimo cha ardhi mahali pale. Programu inachukua usawa wa maji, inatoa kimo cha pikseli, inapata kina. Inajumlisha vina vyote, kisha inazidisha kwa eneo la pikseli moja. Basi. Unaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua pikseli tano zinazokata korongo, kila moja mita 5 kwa 5, yaani mita za mraba 25. Vimo vyake ni 1,103.6, 1,102.8, 1,101.9, 1,103.1 na 1,104.5. Maji yakifika 1,104.0, vina vinne vya kwanza ni 0.4, 1.2, 2.1 na 0.9. Ya tano iko nchi kavu, inaachwa. Jumla ya vina ni 4.6, zidisha kwa 25 upate mita za ujazo 115. Kila namba kubwa ya ajabu au ndogo ya ajabu unayoiona inatokana na mojawapo ya vitu vitatu hivi: kimo kisicho sahihi, eneo la pikseli lisilo sahihi, au pikseli ambayo haikupaswa kuhesabiwa.

Sasa −0.0000041. Faili la SRTM huja katika nyuzi za latitudo na longitudo, si katika mita. Upande wa pikseli ni sekunde moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi. Programu haijui kwamba wewe unawaza mita. Imezidisha kina cha mita kwa eneo la "nyuzi za mraba", na eneo hilo kwa pikseli moja ni 0.000000077 tu. Kwa hapo Dodoma, nyuzi moja ina kilomita 110 na ushee kila upande. Ukiigeuza nyuzi ya mraba kuwa mita za mraba, 0.0000041 inakuwa karibu mita za ujazo 50,200. Ndiyo maana nasema ni namba ile ile.

Alama ya kutoa isikusumbue. Zana uliyotumia, inayoitwa "Raster surface volume", inatoa usawa wa msingi kutoka kwenye kimo cha ardhi, kwa hiyo kila kilicho chini ya msingi kinatoka na alama ya kutoa. Ukichagua kuhesabu vilivyo chini tu, jibu litakuwa na alama hiyo daima. Iondoe, endelea.

Milioni 82 imetoka kwenye chaguo la njia. Zana hiyo ina njia nne. Ya kwanza, inayokuja ikiwa imeshachaguliwa, ni kuhesabu vilivyo juu ya msingi: ilikupimia vilima vyote vilivyo ndani ya kipande chako cha ramani, tangu mita 1,104 kwenda juu. Ya pili, "Count Only Below Base Level", ndiyo yako. Ya tatu inajumlisha vya juu na kupunguza vya chini. Hiyo ni ya kazi za kuchimba na kujaza, pale unapotaka kujua udongo utabaki au utapungua. Ya nne inajumlisha vyote bila kujali alama. Kwenye zile pikseli tano za korongo, njia ya pili inatoa −115, ya tatu −102.5, ya nne 127.5. Ardhi ile ile, majibu matatu. Mtu akikuletea ujazo bila kukuambia alichagua njia gani, muulize.

Hatua zenyewe

Kwanza ondoka kwenye nyuzi. Tumia zana ya "Warp" kuipeleka rasta kwenye UTM, mfumo wa koordineti unaopima kwa mita badala ya nyuzi. Sehemu kubwa ya Tanzania iko kwenye kanda mbili: 36 kusini, ambayo namba yake kwenye programu ni EPSG:32736, kuanzia longitudo 30 hadi 36, na 37 kusini, EPSG:32737, kuanzia 36 hadi 42. Wewe uko mahali penye mtego, kwa sababu mstari wa nyuzi 36 unapita mashariki ya Jiji la Dodoma, kilomita 30 hivi. Angalia longitudo ya lambo lako kabla ya kuchagua. Hata ukikosea kanda kwa kilomita chache, ujazo hautaharibika sana. Ukingoni mwa kanda eneo linakuzwa kwa karibu asilimia 0.2 tu. Kinachoharibika ni mahali: pointi za kanda moja ukiziweka kwenye nyingine zitatua mamia ya kilomita mbali.

Mtego unaouma zaidi ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti wa Afrika Mashariki. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na michoro mingi ya viwanja, ziko kwenye Arc 1960, ambayo kwa UTM 36 kusini ni EPSG:21036 na kwa 37 ni EPSG:21037. Koordineti zake zinafanana sana kwa macho na za WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, lakini zinatofautiana kwa takribani mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Mita 300 zinatosha kulihamisha tuta lako la kuzuia maji kutoka kwenye korongo na kulipandisha mlimani.

Katika "Warp" kuna sehemu ya kuchagua namna ya kukadiria upya thamani za pikseli. Kwa kawaida inakuja na ya jirani wa karibu. Hiyo ni nzuri kwa ramani za matumizi ya ardhi, ila kwa mwinuko inarudia baadhi ya mistari na kuacha ngazi ngazi. Chagua "Bilinear", weka upande wa pikseli mita 30, na aina ya data iwe ya desimali.

Kisha kata. Chora poligoni ya lambo kwa uangalifu: upande wa chini ifuate mstari wa katikati wa tuta, kwingine ipite juu kidogo ya usawa wa maji. Ukiacha kipande chote cha mstatili, programu itahesabu na ardhi iliyo chini ya tuta, upande maji yanakokwenda, kwa sababu nayo iko chini ya 1,104. Programu haijui tuta ni nini. Inaona ardhi iliyo chini ya namba uliyoipa, inaijaza maji.

Unapokata kwa "Clip raster by mask layer", jaza sehemu ya thamani ya pikseli tupu, mathalani −9999. Usipoijaza, pikseli za nje ya poligoni zinaweza kupewa sifuri, na sifuri kwa programu ni kimo cha usawa wa bahari. Pikseli moja tu ya namna hiyo itaongeza kina cha mita 1,104 mara mita za mraba 900, yaani mita za ujazo 993,600. Vilevile mafaili ya awali ya SRTM yalikuwa na matundu yaliyoandikwa −32768. Tundu moja lisilotambuliwa kuwa tupu linakuongezea zaidi ya mita za ujazo milioni 30. Kabla ya kuhesabu, fungua sifa za tabaka lako uangalie kimo cha chini kabisa na cha juu kabisa. Kama cha chini ni 0 au namba hasi, simama hapo hapo.

Baada ya hapo ndipo unaendesha "Raster surface volume": tabaka lililokatwa, msingi 1,104, njia ya pili. Itakupa ujazo, eneo na idadi ya pikseli. Watu wengi husoma ujazo na kufunga dirisha. Wewe soma idadi ya pikseli kwanza.

Kwa nini 50,200 si ya kuandika

Kwa ujazo huo na bonde la namna yako, idadi hiyo haitazidi sana pikseli 27. Lambo lako zima limechorwa kwa viboksi 27 vya mita 30 kwa 30. Korongo lenye upana wa mita 8 na kina cha mita 2, ambalo wewe unaliona wazi ukisimama ukingoni, halionekani kabisa. Limechanganywa na ardhi ya pande zote mbili likawa wastani.

Na vimo vyenyewe? SRTM ilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu Endeavour, kwa siku 11 za Februari 2000. Lengo la mradi lilikuwa kosa la kimo lisizidi mita 16 kwa asilimia 90 ya vipimo. Kazi yenyewe ilitoka nzuri kuliko lengo, ila bado tunazungumzia mita kadhaa, na vimo vimeandikwa kwa mita nzima bila desimali. Lambo la kina cha mita 3 na nusu lina ngazi nne tu hapo.

Weka hilo kwenye hesabu. Pikseli 27 ni mita za mraba 24,300. Kosa la mita 2 lililo sawa kwenye eneo lote ni mita za ujazo 48,600, karibu ujazo wote uliopewa. Mtu anaweza kujibu kwamba kosa lililo sawa kila mahali linafutika kama usawa wa maji nao umesomwa kwenye SRTM ile ile, na ni kweli. Lakini usawa wa maji wa watu wengi hutoka kwenye GPS, na hapo kuna jambo jingine. SRTM hutoa kimo kutoka usawa wa bahari wa kielelezo kiitwacho EGM96. GPS nyingi, hasa za upimaji, huanza na kimo kutoka umbo la kihesabu la dunia. Dar es Salaam tofauti ya hivyo viwili inazidi mita 20. Ukichanganya, lambo lako linakauka lote au linameza kijiji.

Kosa lisilofutika ni lile linalobadilika kutoka pikseli hadi pikseli. Rada haikuona udongo pekee; iliona na miti. Katika nyanda kavu miti mikubwa iko wapi? Kando ya korongo, kwenye unyevu, pale pale ambapo lambo lako lina kina kirefu. Kwa hiyo SRTM huelekea kuinua sakafu ya bonde na kukupunguzia kina, wakati kelele za kawaida za rada zinakuchimbia mashimo yasiyokuwepo mahali pengine. Huwezi kujua mwisho wake ni kuzidi au kupungua.

Ukiwa unataka kupanua lambo la zamani, hali ni mbaya zaidi. Februari Dodoma ni msimu wa mvua, na rada haipenyi maji. Kilichopimwa pale ni uso wa maji ya siku ile, na mabwawa makubwa kama Mtera yamesawazishwa kabisa kwenye data kama meza. Chini ya meza hiyo hakuna taarifa.

Copernicus ya mita 30, data nyingine ya mwinuko iliyotokana na rada za miaka ya 2011 hadi 2015, ni bora zaidi: ina desimali, na lengo lake la kosa ni chini ya mita 4. Ningeichagua badala ya SRTM kwa kazi nyingi. Kwa lambo la kijiji bado haitoshi, na kumbuka inatumia kielelezo kingine cha usawa wa bahari, EGM2008, tofauti na SRTM, hivyo usiziunganishe hivi hivi.

Pima mwenyewe bonde

Habari njema ni kwamba lambo ni dogo, na kupima eneo la hekta mbili au tatu ni kazi ya siku moja au mbili kwa mpima ardhi mwenye leveli na fito, totali stesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali), au GPS ya RTK, yaani ya upimaji yenye usahihi wa sentimita. GPS ya simu usiitumie kwa vimo kabisa. Kosa lake ni mita kadhaa na linabadilika ukiwa umesimama.

Huhitaji kujua kimo kutoka usawa wa bahari. Chagua jiwe lisilohamishika au mwaga zege dogo nje ya eneo la maji na la kuchimbwa udongo, lipe kimo cha mita 100.00, na kila kitu kipimwe kutoka hapo. Kinachohitajika kuwa sahihi ni tofauti za vimo ndani ya bonde. Ila ukishafanya hivyo, usiziweke hesabu hizo kwenye ramani moja na vimo vya SRTM.

Pima pointi kila mita 10 kwenye ardhi tambarare. Kwenye korongo ongeza: pointi za ukingo wa kushoto, chini, na ukingo wa kulia, kila mita 5 kufuata mkondo. Mstari wa tuta upimwe kutoka juu ya usawa wa maji upande mmoja hadi juu ya usawa wa maji upande wa pili. Pima na mahali pa utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada lambo likijaa, kwa sababu usawa wa maji yakijaa ni kimo cha sakafu ya utoro, si kimo cha juu ya tuta. Kosa hili linaonekana sana kwenye maandiko: ujazo umehesabiwa hadi kileleni mwa tuta, mahali ambapo maji yakifika lambo linabomoka.

Droni nayo inafaa, bondeni mkikauka na nyasi zikiwa zimelala. Iwekee alama za ardhini zilizopimwa kwa RTK au totali stesheni, angalau tano, zikiwemo za pembeni na ya katikati. Bila hizo uso mzima hupinda kama sahani. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kishughulikiwe mapema.

Pointi zako ziingize QGIS kutoka faili la CSV, desimali zikiwa na nukta. Kisha tumia "TIN interpolation", ambayo inaunganisha pointi kwa pembetatu. Kingo na chini ya korongo ziingize kama tabaka la mistari na uchague aina ya "Break lines", la sivyo pembetatu zitaruka kutoka ukingo hadi ukingo na kulifukia korongo. Pikseli iwe mita 1. Usitumie IDW, njia inayokadiria kimo kwa ukaribu wa pointi, kwa kazi hii. Inazungushia kila pointi kijishimo au kichuguu. Chora kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, za kila sentimita 50 juu ya matokeo na uziangalie kwa jicho la mtu aliyetembea pale. Kontua iliyojifunga duara katikati ya mteremko ni pointi iliyoandikwa vibaya, kwa kawaida urefu wa fito umesomwa 1.24 ukaandikwa 2.14.

Usichukue jibu moja tu

Endesha zana ya ujazo mara kadhaa, kwa usawa wa maji unaopanda mita moja moja. Huu ni mfano wa lambo ambalo sakafu yake iko 100.4 na utoro uko 104, baada ya kupimwa kwa njia hiyo:

Usawa 101: eneo m² 1,200
Usawa 102: eneo m² 4,800
Usawa 103: eneo m² 9,600
Usawa 104: eneo m² 15,400

Kwa maeneo haya unaweza kuhakiki ujazo bila programu. Kila tabaka la maji kati ya kontua mbili, jumlisha eneo la chini, eneo la juu, na kipeuo cha pili cha zao la maeneo hayo mawili. Zidisha kwa urefu wa tabaka, gawanya kwa 3. Kati ya 103 na 104: 9,600 na 15,400 na 12,159 ni 37,159, gawanya kwa 3 upate 12,386. Tabaka la 102 hadi 103 linatoa 7,063, la 101 hadi 102 linatoa 2,800, na kikombe cha chini kabisa, mita 0.6 mara 1,200 gawanya kwa 3, ni 240. Jumla mita za ujazo 22,489. Jibu la zana likitofautiana na hili kwa asilimia 2 au 3, hakuna shida. Likitofautiana kwa 20, kuna pikseli zisizostahili ndani ya poligoni.

Kuna na kipimo cha haraka cha kuzuia aibu, kinachotumika kwa mabwawa madogo ya mabondeni: kina kirefu zaidi kwenye tuta, mara upana wa maji kwenye tuta, mara urefu wa maji kwenda nyuma, gawanya kwa 6. Kwa kina cha mita 3.6, upana 105 na urefu 330, unapata 20,790. Hicho ni kipimo cha kukagua tu, lakini kingekuonyesha dakika hiyo hiyo kwamba milioni 82 haiwezekani.

Sasa rudi kwenye ile orodha ya maeneo, maana hapo ndipo kuna jambo ambalo kijiji kinahitaji kulijua. Mita moja ya juu kabisa ina 12,386 kati ya 22,489, zaidi ya nusu ya maji yote. Katika kiangazi cha Dodoma maji huondoka kwa mvuke milimita 5 hadi 7 kwa siku. Kwa miezi saba hiyo ni zaidi ya mita 1. Lambo litapoteza nusu ya maji yake kwa jua kabla ng'ombe hawajanywa tone, na hapo hatujahesabu yanayozama ardhini. Lambo jingine la ujazo ule ule, lenye eneo dogo na kina kirefu zaidi, lingewafikisha Oktoba. Ndiyo maana udongo wa kujengea tuta ni bora uchimbwe ndani ya bonde lenyewe, karibu na katikati, ilimradi usitoboe tabaka la mfinyanzi linalozuia maji kuzama na usichimbe mguuni pa tuta.

Kupima ulichochimba ni hesabu ya nyuso mbili. Pima kabla, pima baada, tengeneza rasta mbili zenye pikseli zilizolala juu ya nyingine kamili, kisha kwenye kikokotoo cha rasta andika "kabla@1" - "baada@1". Jumlisha thamani kwa "Zonal statistics" na uzidishe kwa eneo la pikseli. Gridi zikipishana hata nusu pikseli, kwenye kingo za shimo utapata udongo wa uongo. Na usishangae malori yakihesabu zaidi yako: mfinyanzi ukichimbwa huvimba, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 40.

SRTM au Copernicus usiitupe. Kazi yake halali kwako ni kupima eneo linalokusanyia lambo maji, ambalo ni kilomita za mraba, na hapo kosa la mita 2 halikuharibii kitu ilimradi kuna mteremko. Ukipata kilomita moja ya mraba, mvua ya mwaka milimita 550, na tukichukulia asilimia 5 tu ndiyo inayotiririka, yanafika mita za ujazo 27,500. Lambo la mfano wetu lingejaa mwaka wa kawaida. Kama eneo lako ni robo ya hapo, ukubwa wa bonde hauna faida, na ni afadhali ujulikane sasa kuliko baada ya katapila kuondoka.

Kwenye andiko usiandike 50,200. Hadi bonde lipimwe, andika kwamba ujazo utathibitishwa kwa upimaji, na utoe gharama ya upimaji huo kama kifungu cha kwanza cha bajeti. Ukishapima, andika ujazo kwa kuzungusha, "takribani mita za ujazo 22,500 hadi kimo cha sakafu ya utoro". Kosa la sentimita 5 kwenye mita za mraba 15,400 ni mita za ujazo 770, hivyo tarakimu za mwisho hazina maana. Ambatisha jedwali la usawa, eneo na ujazo, tarehe ya kupima, mfumo wa koordineti na picha ya ile alama ya zege. Nakala ipeleke pia bodi ya maji ya bonde lenu mnapoomba kibali. Alama ya zege ipakwe rangi na izungushiwe mawe isikanyagwe na ng'ombe, kwa sababu baada ya miaka mitano atakayekuja kupima tope lililojaa ataanzia hapo.